Kutoka sala za siri hadi bungeni: Safari ya imani ya Rabi Sizomu

KATIKA vijiji vingi vya Mkoa wa Singida si ajabu ukoo mmoja kuwa na Waislamu na Wakristo. Baba mdogo huswali msikitini Ijumaa, shangazi huenda kanisani Jumapili, na msiba ukitokea wote huketi mkeka mmoja. Lakini wazazi wa koo hizo wanalo swali lao: mtoto atashikaje imani aliyolelewa nayo siku atakapobanwa, na wakati huohuo asimchukie jirani anayesali tofauti?

Swali hilo lilizikabili nyumba chache za wakulima katika nchi jirani ya Uganda, tena kwa ukali ambao wengi wetu hatujauonja. Mmoja wa watoto waliokulia katika nyumba hizo ni Gershom Sizomu, leo rabi, yaani mwalimu na kiongozi wa dini, wa Wayahudi wa Mbale. Imani yake ilipigwa marufuku na serikali akiwa bado mtoto. Na siku ilipofunguliwa, Watanzania walikuwa na mkono wao.

Jemadari aliyesoma Torati

Mbale ni mji wa mashariki mwa Uganda, karibu na Mlima Elgon, katika eneo la kahawa na migomba. Kwenye vilima vya pembeni yake wanaishi Abayudaya, jina la Kiganda lenye maana ya Wayahudi. Mababu zao hawakutoka Israel. Ni Waafrika wa hapohapo, na imani yao ilianza na mtu mmoja, Semei Kakungulu.

Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa mashariki ya Uganda. Alikuwa Mprotestanti, na alitarajia kwamba malipo ya kazi yake yangekuwa ufalme juu ya eneo hilo. Waingereza hawakumpa. Akakosana nao, akajiunga na Wamalaki, kundi la Kikristo lililoshika Sabato na kukataa dawa za hospitali kwa imani kwamba mponyaji ni Mungu peke yake.

Huko nako hakutulia. Aliendelea kuisoma Biblia, hasa vitabu vya Musa, na mwaka 1919 akaamua kwamba amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu haijafutwa. Akatahiriwa yeye na wanawe. Wenzake walipomwambia kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi, alijibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi.

Mwaka uliofuata alifika Mbale Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina la Yosef. Alikaa miezi kadhaa akiwafundisha kalenda ya sikukuu, uchinjaji na sala. Kakungulu alifariki Novemba 1928 bila kuacha rabi. Waliobaki waliendesha ibada kwa yale waliyoyakumbuka na kuyaandika, wakiongozwa na wazee wa jamii. Babu yake Sizomu alikuwa miongoni mwa wazee hao.

Miaka ya kujificha

Mwaka 1971 Idi Amin alitwaa madaraka, na mwaka 1972 akawafukuza Waisraeli waliokuwa nchini Uganda. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku na masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, yakafungwa. Inakadiriwa kuwa Abayudaya walikuwa kiasi cha 3,000 kabla ya hapo. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili waishi kwa amani, na utawala wa Amin ulipofikia mwisho walikuwa wamebaki takriban 300.

Familia ya Sizomu ilibaki. Sala zilifanyika kwa siri, ndani ya nyumba. Lakini zipo ibada zisizofichika. Katika Sikukuu ya Vibanda, Wayahudi hujenga kibanda nje ya nyumba kukumbuka safari ya mababu jangwani. Sizomu amesimulia kwamba baba yake alijenga kibanda hicho, akakamatwa na kupigwa, na akaachiwa baada ya familia kutoa mbuzi.

Mzazi anaweza kujiuliza kama ilimpasa baba mwenye watoto kujiingiza katika hatari hiyo kwa sababu ya kibanda cha majani. Wenzake wengi waliona haimpasi, na hakuna wa kuwalaumu, maana kila mmoja alikuwa na watoto wa kuwalinda. Ila mwanawe alikuwa akitazama, na aliyoyaona siku zile hakuyasahau.

Usiku wa Pasaka

Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Wazee wengi wa Singida wanaikumbuka miezi iliyofuata: wanajeshi na mgambo kutoka mikoa mbalimbali wakapelekwa mpakani, wengine hawakurudi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania likishirikiana na Waganda waliokuwa uhamishoni liliingia ndani ya Uganda, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Kwa Abayudaya, tarehe hiyo ina maana nyingine pia. Jioni ya Aprili 11 mwaka ule ndipo ilipoanza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka Waisraeli walivyotolewa utumwani Misri. Watu waliokuwa wakiisimulia habari ya Farao kwa kunong’ona walisikia kwamba mtawala aliyewanyima ibada ameng’olewa, tena usiku uleule.

Askari wa Tanzania hawakwenda Uganda kwa ajili ya Abayudaya, na yamkini hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba wapo. Kwa jicho la muumini, hapo ndipo mkono wa Mungu unapoonekana. Wao walichofanya ni kukaa katika imani yao mpaka siku hiyo ikawakuta.

Uhuru nao una kazi yake

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya vijana. Katika miaka ya 1980 kikundi chao, Sizomu akiwemo, kilijikusanya katika kilima cha Nabugoye kufufua ibada, kujifunza Kiebrania na kutunga nyimbo za zaburi kwa Kiganda.

Kisha likaja jaribu la aina nyingine. Wayahudi wa nje walianza kuwatembelea, na wengine wakahoji kama kweli watu hawa ni Wayahudi. Mwaka 2002 marabi kutoka nje waliongoza taratibu za kuwapokea rasmi katika dini zaidi ya Abayudaya 300. Halikuwa jambo jepesi, mtu aliyezaliwa katika imani ambayo baba yake alipigwa kwa ajili yake kutakiwa kuingia upya. Sizomu na wenzake walikubali. Wengine, wakiwamo wa kijiji cha Putti, walichagua kufuata mkondo wa Kiorthodoksi, na jamii ikagawanyika. Hata baadaye, serikali ya Israel imewahi kukataa ombi la mmoja wao kuhamia huko.

Mwaka 2003 Sizomu alikwenda na familia yake Los Angeles, Marekani, kusomea urabi katika chuo cha Ziegler. Alihitimu mwaka 2008. Ilikuwa imepita karibu miaka 90 tangu Kakungulu atahiriwe, na sasa Abayudaya wakawa na rabi aliyezaliwa kwao. Wangapi wangepata nafasi ya kubaki Marekani wakaikataa? Yeye alirudi Nabugoye.

Kwa jirani wa kila dini

Mwaka 2010 jamii yake ilifungua kituo cha afya cha Tobin mjini Mbale. Wagonjwa wake ni wa dini zote, na malaria ni moja ya maradhi makubwa yanayowaleta. Ukikumbuka kwamba Kakungulu alipita kwa Wamalaki waliokataa dawa, utaona imani hii imetembea mbali. Vizazi vilivyofuata vimeona kwamba anayemtegemea Mungu anaweza pia kumeza dawa na kumpelekea jirani yake. Shule za Abayudaya nazo husomesha watoto wa Kikristo na Kiislamu pamoja na wa kwao.

Sizomu si peke yake katika njia hiyo. Mwenzake, J. J. Keki, alikuwa New York siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Aliporudi Mbale alipita kwa majirani Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa wakulima wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu.

Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, walimchagua Sizomu kuwa mbunge wao. Mtoto wa mtu aliyekamatwa kwa sababu ya dini yake aliingia katika Bunge la Uganda akiwa Myahudi wa kwanza kuchaguliwa humo. Alitumikia muhula mmoja.

Kwa mzazi wa Singida, pengine funzo liko katika mpangilio wa maisha hayo. Baba hakumlazimisha mwana kuchukia dini za waliomkamata. Alijenga kibanda chake, akalipa gharama yake, akaendelea kuishi na majirani. Mwana alipokua aliishika imani ya baba, na majirani walewale ndio aliowahudumia. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sehemu kubwa ya malezi hayo hufanyika wakati mzazi hasemi neno, mtoto yuko pembeni anatazama.