Hisabu ya Chungu

Mamangu alipotoka kwa tabibu, baada ya kubainishiwa kuwa ana maradhi ya kisukari, alirejea nyumbani na nasaha moja fupi, ya kwamba apunguze wali. Nasi tuliokuwa sebuleni jioni ile tukaafikiana kuwa nasaha hiyo ni njema, hata alipouliza mwenyewe, kwa sauti ya upole, apunguze kutoka kiasi gani, ndipo ilipodhihiri kwamba katika aila iliyokula chungu kimoja kwa miaka 40 hapakuwa na mtu aliyejua sahani ya mama huchukua nini.

Si kwamba wazee wetu hawakupima. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, visaga viwili vikawa pishi, na hata zaka ya fitri ilitolewa kwa pishi pasina ubishi. Lakini vipimo hivyo vilihudumu sokoni na ghalani. Nafaka ikishaingia chunguni, kazi yote hukabidhiwa mkono wa mpishi, nao mkono huo, ijapokuwa ni hodari wa ladha, haukufundishwa kutueleza kilichoingia mwilini.

Basi tulinunua mizani ndogo na daftari. Kanuni yake ni nyepesi: kila kinachoingia chunguni hupimwa kingali kibichi, mafuta na sukari visisahauliwe, sufuria hupimwa ikiwa tupu, kisha hupimwa tena chakula kikishaiva, ili tafauti ya vipimo hivyo viwili iwe ndiyo uzito wa chakula chote, na kila sahani ihisabiwe kwa fungu lake. Gramu 500 za mchele, zenye takriban gramu 400 za wanga na kalori 1,800, zilipoiva zilitoa gramu 1,300 za wali. Na sahani ya mama, iliyokuwa na gramu 260, ikawa ni fungu moja katika matano, yaani gramu 80 za wanga.

Tarakimu hizo hatukuzibuni. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Mmarekani Wilbur Atwater alithibitisha kuwa gramu ya wanga au ya protini huupa mwili takriban kalori 4, na gramu ya mafuta kalori 9. Na leo tunayo majedwali ya vyakula vya kwetu, ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2018, ambamo mchicha, dagaa na unga wa mahindi vina safu zao.

Anayeanza hisabu hii hukosea aghalabu katika maji na mafuta. Maji huongeza uzito wala hayaongezi nishati, kwa hiyo gramu 100 za mchele mkavu zina kalori 360 ilhali gramu 100 za wali ulioiva hazifiki 140, na mwenye kusoma safu ya mchele kwa ajili ya wali hujihisabia zaidi ya maradufu. Mafuta nayo huyeyuka yasionekane, ilhali vijiko vitatu vya chakula, ambavyo mpishi humimina bila kufikiri, vina nishati sawa na sahani nzima ya wali tuliyoitaja. Nazi ina fumbo lake pia, maana haifai kuihisabu nzima, kwa kuwa sehemu ya mafuta yake husalia katika machicha wanayotupiwa kuku. Lililo sahihi ni kulipima tui lenyewe, zito mbali na jepesi mbali.

Fauka ya hayo, daftari lilituzindua tusiyoyatafuta: kwamba mchicha ukichemshwa sana na maji yake yakamwagwa, vitamini C nyingi huenda nayo, na kwamba chai iliyonywewa pamoja na maharage huuzuia mwili kuyafaidi madini ya chuma, ilhali ndimu iliyokamuliwa juu yake huusaidia.

Baada ya wiki sita mizani ilirejeshwa kabatini, kwani mama alikwisha kuchagua bakuli la buluu, lililobanduka ukingo, ambalo likijazwa sawasawa huchukua gramu 130 za wali. Na aliporudi kwa tabibu akaulizwa kama amepunguza, alijibu kuwa amepunguza nusu, kutoka gramu 80 za wanga hadi 40, akalifungua daftari mezani ili naye aone.