Je, Wajua? Dawa ya nguvu za kiume humtibu mbwa, na humdhuru pia

Sildenafili, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Viagra, hutumiwa pia na madaktari wa mifugo kutibu mbwa wenye shinikizo kubwa la damu kwenye mishipa ya mapafu. Mtu atauliza: kama ni tiba, hatari iko wapi? Iko kwenye kipimo. Daktari humpimia mbwa kwa uzito wake, mara nyingi miligramu 1 hadi 3 kwa kila kilo. Mbwa wa kilo 5 akitafuna kidonge kimoja cha miligramu 100 kilichoachwa kando ya kitanda, amemeza miligramu 20 kwa kila kilo. Mishipa hulegea, shinikizo la damu hushuka, moyo huenda mbio kufidia, na mnyama huweza kupepesuka au hata kuzirai. Mbwa mwenye ugonjwa wa moyo yumo hatarini zaidi.

Wapo watakaosema mbwa wao aliyemeza kidonge anaonekana mzima. Lakini huenda alichomeza ni tadalafili, ndugu wa sildenafili, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi, hivyo utulivu wa saa moja hauthibitishi kitu. Apelekwe kwa daktari mara moja, pamoja na pakiti yenye jina na nguvu ya kidonge. Na asinyweshwe maji ya chumvi ili atapike. Chumvi nyingi nayo ni sumu kwake.