Milisekunde Sita hadi Dar na Kurudi

Je, wajua kwamba mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia takriban kilomita 200 kwa milisekunde moja, yaani sehemu ya elfu ya sekunde? Tuchukulie kwamba waya wa kutoka Nachingwea hadi Dar es Salaam una kilomita 600. Ujumbe utafika na jibu litarudi katika milisekunde 6. Basi mkazi wa Naipingo au Ruangwa anayetazama kiduara kikizunguka kwenye simu asikubali kuambiwa kwamba shida ni kukaa mbali. Muda wake unapotelea mahali fulani, na mahali hapo panatafutika.

Kifaa cha kuutafutia ni programu ndogo iitwayo ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, mtafiti katika maabara ya jeshi la nchi yake, aliyekuwa akihangaika na mtandao uliomsumbua. Ping hutuma ujumbe mfupi kwa mashine nyingine, ikasubiri jibu, ikaandika muda uliopita. Ukubwa wa bando haiujui kabisa. Lori hubeba magunia mengi ya korosho, lakini bodaboda hutangulia kufika: megabiti ni ujazo wa lori, milisekunde ni muda wa safari. Minada ya TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, ambako korosho na ufuta wa wakulima wa chama cha ushirika cha RUNALI huuzwa kwa mfumo wa kidijitali, haihitaji lori. Bei ni tarakimu chache tu; muhimu zifike kwa wakati.

Anza kupima karibu. Kwenye kompyuta andika ping, kisha anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiwa chumba kimoja na ruta, jibu lirudi katika milisekunde chache. Likichukua mia, au likirukaruka, kosa limo humo humo nyumbani, na bando kubwa zaidi halitalitibu. Sogea karibu na ruta upime tena.

Ruta nyingi za huku hutumia laini ya simu, na hapo ndipo bati linapoingia. Chuma hurudisha mawimbi ya redio, kwa hiyo ruta iliyofichwa juu ya kabati, chini ya paa la bati, huusikia mnara kwa shida. Ujumbe unaoharibika njiani hutumwa upya, na kila kurudia ni kuchelewa. Iweke dirishani, upande wa mnara. Ni tiba isiyogharimu chochote, nami huanza nayo kabla ya nyingine zote.

Kisha kuna foleni. Pima mtandao ukiwa umetulia, halafu pima wakati mtu wa nyumbani anapakia video. Milisekunde 60 zikigeuka 1,000, ruta inapanga ujumbe mwingi mno kwenye kumbukumbu yake, na ujumbe wako mfupi unasubiri nyuma ya video nzima. Mhandisi Jim Gettys aliligundua tatizo hili nyumbani kwake Marekani mwaka 2010; mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakatoa mbinu ya kulidhibiti, CoDel, ambayo leo imo katika baadhi ya ruta. Yako ikiwa haina, zima upakiaji wa picha unaojiendesha wenyewe kwenye simu, au upangie usiku wa manane.

Zipo siku ambazo nyumbani hapana kosa. Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Dalili ya mkatiko wa namna hiyo ni kwamba ruta hujibu upesi, seva iliyoko Dar hujibu upesi, ila ya Ulaya inasuasua au haijibu kabisa. Ukiona hivyo, iache ruta yako dirishani na usinunue kitu.