Siku ya Kwanza Mbele ya Hakimu

Watu wengi wa Kisarawe na Kibaha, waitwapo mahakamani mara ya kwanza kwa shitaka la jinai, hushughulika na nauli, nguo na jamaa wa kuwasindikiza, wala hawalifikiri neno watakalosema. Nasi twaona neno hilo ndilo zito kupita yote. Siku ile hakimu wa Wilaya, au Hakimu Mkazi kule Kibaha, hasikilizi mashahidi bado. Shitaka husomwa, kisha mshitakiwa huulizwa kama ni kweli au si kweli.

Tuseme mtu wa Maneromango amechukua gunia la korosho kwa jirani, akiamini kwa moyo safi kuwa ni lake, kwa kuwa walilima kwa shirika. Akiulizwa, hujibu, "Ni kweli, nililichukua." Amekiri kuchukua, lakini wizi hakuukiri, maana pasipo nia mbaya hapana wizi. Wengine husema "kweli" kwa adabu tu, wakiona haya kumkanusha mkubwa.

Kwa ajili hiyo mwaka 1942, katika shauri la Yonasani Egalu na wenzake, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilisema kila sehemu ya shitaka ielezwe, na mshitakiwa aikiri au aikane. Mwaka 1973, katika shauri la Adan, utaratibu ulielezwa kwa kirefu: shitaka lisomwe kwa lugha aijuayo mshitakiwa, maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema, akikiri, mwendesha mashitaka asimulie mambo yalivyokuwa, kisha mshitakiwa aulizwe kama ana la kupinga au kuongeza. Akipinga jambo la maana, huandikwa kuwa amekana. Basi nafasi za kusema ni mbili.

Akizipoteza zote, mlango wa rufani huwa mwembamba. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haimruhusu aliyekiri kupinga hatia yake, ila ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Majaji humsikiliza zaidi kwa sababu chache, kama vile kukiri kwake kuwa na mashaka, au shitaka lenyewe kutoonyesha kosa. Na kukana si kumtukana mlalamikaji; ni kutaka mashahidi waletwe.

Baada ya kukana hufuata habari ya dhamana. Haipatikani kwa kuua kwa kusudi, uhaini, unyang'anyi wa silaha na makosa mengine yaliyotajwa na sheria. Dhamana hainunuliwi, mahakama ikiagiza fedha ziwekwe, daini stakabadhi. Asiye na mali ya kumlipa wakili na amwambie hakimu papo hapo, kwani Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 yampa uwezo wa kuagiza apatiwe msaada, haki ikitaka hivyo.

Wadhamini nao waje na vitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Barua hiyo iombwe siku kadhaa mbele, kwa kuwa atokaye vijiji vya ndani huanza safari alfajiri, na saa hiyo ofisi ya mtendaji ingali imefungwa.