Namba ya Okteni na Salama ya Injini

Wengi hudhani kwamba petroli yenye namba kubwa ya okteni ina nguvu kuliko nyingine. La hasha, kwani namba ile haipimi nguvu, bali hupima ustahimilivu wa petroli dhidi ya kuwaka yenyewe, kabla ya kufikiwa na mwali uliowashwa na cheche ya plagi, inapogandamizwa ndani ya silinda. Basi mwenye gari lililoundwa kwa okteni 95, akilitia 91, huenda akasikia injini ikigonga mithili ya nyundo, hasa lipandapo mlima na mzigo mzito, na kugonga huko kukidumu huharibu pistoni. Ama mwenye gari la 91 anunuaye 95, aghalabu hapati faida, bali afanya israfu ya mali. Ewe msomaji, kifungue kitabu cha gari lako, ukaifuate namba iliyoandikwa humo.