Ukoo wa Mdigo Hausomeki Kwenye Kitambulisho

Katika Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland, jina la ukoo hupita kutoka kwa baba hadi mwana, na kromosomu Y hupita njia hiyo hiyo. Wanaume wawili wenye jina moja wakipimwa DNA, mtaalamu anaweza kujua kama babu yao ni mmoja.

Kwa Wadigo wa hapa Ramisi, Kwale, katika pwani ya Kenya, mbinu hiyo hukwama mapema. Mtoto wa Hamisi Juma huandikishwa kwa jina la Hamisi, la Juma likaachwa nyuma. Yapo majina yaliyoganda yakawa ya ukoo, kama Mwakwere na Mwamzandi. Mwa- humaanisha mtoto wa fulani, sawa na Mac ya Kimanx, lugha ya Kisiwa cha Man, iliyomezwa ikabaki Q katika Qualtrough. Lakini Wataita nao wana Mwa- yao, kwa hiyo herufi hizo peke yake hazitoshi kukutambulisha kuwa Mdigo.

Kubwa zaidi ni kwamba Wadigo wa zamani walihesabu ukoo kwa mama. Waliotoka tumbo moja walikuwa fuko moja, na mali ya mjomba ilikwenda kwa mpwa, kabla Uislamu haujauvuta urithi upande wa baba. Wamakonde walioletwa na kazi za mashamba ya mkonge na ya miwa hapa Ramisi nao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Anayepima Y pekee, basi, ameuacha upande ambao wazee wenyewe waliuthamini. Upande huo umo katika DNA ya mitokondria, ambayo mama huwapa watoto wote, ila mabinti tu ndio huirithisha.

Na wanaojiita Washirazi, wanaosimulia asili ya Uajemi, huku kwenye visiwa vya Wasini na Funzi? Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wakiwamo wa Mtwapa, Manda na Kilwa. Kwa wengi wa pwani, upande wa kina mama ulikuwa wa Kiafrika. Wa kina baba ulielekea Uajemi, na mchanganyiko ulianza yapata mwaka 1000. Simulizi za Shirazi zina msingi, kumbe, ila zilisimulia nusu tu. Tena hao waliopimwa hawakuwa watu wa Kwale, kwa hiyo jina la Shirazi kwenye kitambulisho chako bado si ushahidi.

Kabla hujalipia kipimo, muulize nyanya mzaa mama fuko lake ni lipi, mamake alizaliwa wapi, uyaandike. Kisha chagua kipimo cha mitokondria.