Brashi ya hewa: Nunua ile utakayoweza kuifungua

Anayetaka kuanza kupuliza rangi kwenye modeli za plastiki, iwe ndege ya vita ya kampuni ya Tamiya au kifaru cha kuunganisha kwa gundi, huuliza kwanza brashi ipi ya hewa inachora mstari mwembamba kuliko zote. Hilo ni swali la dukani. Ukishaizoea kazi utauliza lingine: ipi inafunguka na kusafishika bila kukuharibia jioni?

Chanzo cha balaa ni rangi yenyewe. Akriliki inapendwa na wanaopaka rangi nyumbani kwa sababu haina harufu kali ya laka. Lakini maji yake yakishakauka, chembe za plastiki zilizomo hushikana zikawa utando ambao maji hayauyeyushi tena. Na penye hatari zaidi ni ncha ya sindano, kwa kuwa upepo hupita hapo kwa kasi na kuikausha rangi ungali unapuliza. Mkono haujachoka, brashi imeshaanza kutema matone.

Kifaa chenyewe ni cha zamani. Abner Peeler wa Iowa, Marekani, alitengeneza kimojawapo cha mwanzo miaka ya 1870, na miaka ya 1890 Charles Burdick akaja na muundo unaofanana na wa leo: sindano inayoziba tundu la nozeli, ukiivuta nyuma rangi inatoka. Fundi anayepuliza magari gereji hahitaji kuelezwa zaidi. Bunduki yake ya rangi ni ya ukoo huohuo.

Chagua brashi yenye kitufe cha kazi mbili: ukibonyeza unapata upepo, ukivuta nyuma unapata rangi. Kikombe kiwe juu. Rangi hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo hata upepo mdogo unatosha, na njia za kusafisha ni fupi. Zile za chupa ya chini waachie wenye maeneo mapana ya kupaka.

Kuhusu nozeli, ya milimita 0.2 inatamanisha sana na kwa akriliki inasumbua vilevile. Kati ya 0.3 na 0.5 ndipo anayeanza anapopata raha. Iwata Eclipse ya kikombe cha juu ina 0.35, Badger Patriot 105 ina 0.5. Angalia pia nozeli inavyokaa. Ya Eclipse, na za Harder & Steenbeck wa Ujerumani, hukaa tu mahali pake na kubanwa na kifuniko cha mbele. Brashi nyingi za bei rahisi zina nozeli ndogo kama punje ya mchele, yenye nyuzi za kufungia na spana yake. Ikaze kupita kiasi mara moja tu, inakatika na nyuzi zinabaki ndani. Pesa ulizookoa zimekwenda.

Kwenye kompresa, yaani mashine ya kutoa upepo, tafuta yenye tangi, kirekebisha mgandamizo na kichujio cha maji. Modeli nyingi hupakwa kwa pauni 15 hadi 20 kwa inchi ya mraba, rangi ikiwa imezimuliwa iwe nyepesi mithili ya maziwa. Vaa barakoa hata kama husikii harufu. Ukungu wa rangi si kitu cha kuvuta mapafuni.

Kila unapobadili rangi, mwaga iliyobaki, suuza kikombe, puliza mpaka kinachotoka kisiwe na rangi. Mwisho wa kazi ondoa sindano na nozeli. Ifute sindano kwa kitambaa chenye dawa ya kusafishia, ukiizungusha kuelekea kwenye ncha, kamwe si kinyume chake. Ipitishe ncha juu ya karatasi laini ya chooni: ikikwaruza au kunasa, imepinda, na hapo ndipo matone yako ya pembeni yanapotoka. Mapovu yakichemka kikombeni wakati unapuliza, nozeli imelegea, imepasuka au imeziba.

Usiizamishe brashi nzima kwenye dawa usiku kucha, utaua oringi zake, pete ndogo za mpira. Na kuwa mwangalifu na spiriti. Rangi za Tamiya zinaelewana nayo, lakini nyingi za maji kama Vallejo zikikutana nayo huganda zikawa ute unaoziba kila kitu. Toa kwanza rangi kwa maji au dawa ya kampuni husika, kisha ndipo utumie spiriti kumalizia.

Kabla hujalipa, muulize muuzaji kama ana sindano na nozeli za akiba za brashi hiyohiyo, na bei yake ni kiasi gani. Akibabaika, tafuta duka jingine.